Tenisi: tumshangilie mchezaji juu ya nchi yake?

Mwafrika akifika fainali ya tenisi, wengi kwetu wanamshangilia hata kama hawajui namna pointi zinahesabiwa. Juu ya nini? Ni wa kwetu, basi. Sawa vile Ons Jabeur wa Tunisia, kule Wimbledon, Uingereza, mwaka 2022.

Tuangalie sasa aliyemshinda siku ile. Elena Rybakina alizaliwa Moscow, Urusi. Mwaka 2018 alianza kuchezea Kazakhstan, kwa sababu shirikisho la kule lilikubali kumsaidia makuta ya mazoezi. Na mwaka ule wa 2022 Wimbledon ilikataza wachezaji wa Urusi na Belarus juu ya vita ya Ukraine. Rybakina akaingia, akabeba kombe. Warusi wenzake wa kuzaliwa walibaki nje. Karatasi tu ndiyo iliwatenganisha.

Tenisi si sawa vile Léopards. Wimbledon mchezaji anajichezea mwenyewe, na makuta akishinda ni yake. Bendera iko zaidi kwenye Kombe la Davis ao Olimpiki.

Na Yannick Noah je? Alizaliwa Sedan, Ufaransa, baba Mkameruni, akakulia Yaoundé. Roland Garros ya 1983 aliishindia Ufaransa. Ni wa nani huyu?

Kwangu mimi, nchi inatosha kwa kuanza kumfuata mchezaji. Haitoshi kwa kumtukana mwenzake juu ya mahali alizaliwa. Jabeur alirudi fainali 2023, akapoteza tena, mbele ya Markéta Vondroušová wa Ucheki. Ile mipira yake mifupi, inayoanguka nyuma tu ya wavu, ilibaki tamu vilevile.