Mizani ya Kidijitali Haijui Kilo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza mizani ya mkono, ile ambayo muuguzi husogeza jiwe mpaka mkono utulie. Leo tupande juu ya mizani ya kidijitali.

Ndani yake hamna jiwe. Chini ya kibao cha kukanyagia, aghalabu kwenye pembe nne, mna vipande vya chuma vilivyogandishwa nyuzi nyembamba za metali. Ukikanyaga, chuma kinapinda kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Uzi unaovutwa hurefuka na ukinzani wake wa umeme huongezeka. Unaobanwa, ukinzani hupungua. Nyuzi hizo huungwa kwa mtindo alioueneza Mwingereza Charles Wheatstone mwaka 1843, na badiliko hilo dogo husomeka kama volteji, ambayo chipu huigeuza kuwa tarakimu.

Kumbe mizani hii haijui kilo. Inajua imekandamizwa kiasi gani, kisha inapiga hesabu. Na mkandamizo hutegemea jinsi dunia inavyotuvuta, mvuto ambao haulingani kila mahali. Hamburg, Ujerumani, yaliko makao ya kampuni ya mizani ya seca, dunia huvuta kwa nguvu zaidi kuliko Karatu, iliyo karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mizani iliyopangwa kwa mvuto wa Hamburg ikitumika Karatu bila kurekebishwa, mtu wa kilo 70 atapunjwa takriban robo kilo. Mizani ya mkono haina shida hiyo: mvuto ukipungua, hupungua kwa mgonjwa na kwa jiwe vilevile. Ukiteremka na mizani ya kidijitali kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, hadi Ziwa Eyasi, mita 1,030 hivi, tofauti kwa mtu huyo wa kilo 70 haizidi gramu 30. Mizani inayosoma kwa hatua za gramu 100 haiioni.

Sakafu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mguu mmoja wa mizani ukining'inia, au kibao kikigusa ukuta, sehemu ya uzito haifiki kwenye chuma. Kliniki ya mkoba inayopimia watoto chini ya mti inahitaji ubao mgumu uliolala sawa.

Mtoto asiyetulia hupimwa mikononi mwa mama. Mama anapanda na shuka na shanga zake, tuseme 52.4, muuguzi anabonyeza kitufe, inasoma 0.0, anapokezwa mtoto, inasoma 6.1. Kilo hizo huamua dozi. Dawa mseto ya malaria, ugonjwa unaosumbua zaidi bondeni kuliko nyanda za juu, ni kidonge kimoja kwa mara moja kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15. Akifika 15, viwili. Kwa mtoto wa kilo 14 na ushei, kosa la nusu kilo laweza kubadilisha dozi.

Kwa hiyo kila zahanati iwe na jiwe lililohakikiwa, la kilo 10 au 20, liwekwe kwenye mizani kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Wiki ijayo: kusoma mstari wa ukuaji kwenye kadi ya kliniki.