Mlinzi wa geti la mahakama ana mamlaka gani?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayekwenda Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu kumdhamini ndugu yake hubeba kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Akizuiwa getini hadi kesi ikaitwa bila mdhamini kuonekana, ndugu huyo anaweza kurudishwa mahabusu Keko au Segerea. Hivyo ni muhimu mwananchi akajua mipaka ya anayesimama getini.

Ulinzi wa mahakama umegawanyika. Mahabusu huletwa kwa karandinga na kulindwa na askari wa Magereza na Polisi. Utulivu ndani ya chumba cha mahakama husimamiwa na hakimu au jaji mwenyewe. Pale ambapo kampuni binafsi imepewa lindo, kazi ya mlinzi wake ni kutunza jengo na mali, kukagua mizigo na kuelekeza wageni.

Mlinzi huyo si polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, na mwenye mali au wakala wake kumkamata anayeiharibu, lakini humtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Zaidi ya hapo, mlinzi hana kibali cha kumpiga mtu, kumfungia wala kumtoza fedha. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inapiga marufuku kumtesa au kumdhalilisha mtu.

Sheria hiyo pia inatamka kuwa mahakama ya jinai iko wazi kwa umma, isipokuwa pale sheria au hakimu anapoelekeza vinginevyo, kama katika kesi za makosa ya kujamiiana. Uamuzi wa kuufungia umma mlango si wa mlinzi.

Hata hivyo, ukaguzi si usumbufu. Juni 13, 2024, hakimu Monica Kivuti wa Mahakama ya Makadara, Nairobi, alipigwa risasi na ofisa wa polisi baada ya kumfutia dhamana mke wa ofisa huyo, na baadaye akafariki dunia. Fundisho lake ni kwamba ukaguzi usiishie kwa machinga na mama lishe, huku wenye sare wakipita bila kuulizwa.

Kwa mwananchi, la busara ni kufika mapema, kukubali kukaguliwa na, akizuiwa, kuomba aitiwe karani au apelekwe ofisi ya hakimu mfawidhi kabla kesi haijaitwa.