MALORI YA JAPANI YAKAGULIWE NAMBA ZAKE



Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu malori yaliyokwishatumika yanayoletwa hapa Unguja.

Januari 2002, mjini Yokohama, Japani, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka likamwua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kampuni ilidai wenye magari hawayatengenezi vizuri. Mwaka 2004 ndipo ilipokiri kuwa habu, yaani chuma kinachoshika gurudumu, ilikuwa na kasoro tangu kiwandani, ikayaita malori yake yabadilishiwe bure.

Mwito wa namna hiyo humfuata mwenye gari aliyeandikishwa kule. Lori likishashuka bandarini kwetu, nani atampasha habari mnunuzi? Springi ikikatika, fundi wetu hulaumu mashimo na mzigo wa mchanga. Huenda ni kweli, lakini kasoro ya kiwandani haijulikani kwa kugonga nyundo.

Naiomba Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) ihakikishe namba ya chesisi ya kila lori inalinganishwa na orodha za miito hiyo, ambazo Japani huzitangaza hadharani, kabla lori halijaingia barabarani. Sisi walimu wa shamba tunao wanafunzi wanaotembea kandokando ya barabara hizo kila asubuhi.

Mwalimu,
Kusini Unguja.