Mbio ya yenga, na kifua ya mukubwa wetu

Siku ya posho tulitoka Likasi watu wane, wote wa kazi ya mugodi, kuenda Lubumbashi. Kesho yake, yenga asubui, tulikimbia kilometa 10 kwa kusaidia watoto wagonjwa: kila mutu 10 000 franka. Mu njia tulicheka viatu vya mukubwa wetu, vile anashuka navyo chini.

Kilometa ya sita akasimama, anakohoa. Kwetu vumbi hiyo tunaiita "mafua", basi. Tukaacha kukimbia, tukatembea naye mpaka mwisho. Wamama wakatupigia makofi.

Mangaribi, kwa bukari na chikanda pa Kamalondo, alichekesha wote. Lakini bibi yake alikuwa amesikia kila kitu ku telefone. Kazi moja hakushuka: yuko kwa munganga, anapigwa foto ya kifua.