Mdau wa Mafuta ni Nani?

Juzi mwanafunzi wangu mmoja hapa Eldoret aliniuliza asili ya neno 'mdau'. Nikamweleza kwamba limetokana na 'dau', yaani kile akiwekacho mcheza kamari hali anajua kuwa akishindwa kitakwenda na maji. Mdau basi ni mtu awezaye kupoteza kitu. Akanitazama kidogo, kisha akauliza: "Mbona kwenye redio wadau wa mafuta huwa ni wenye kampuni tu?"

Swali hilo linauhusu mji wetu. Bomba la mafuta kutoka Nairobi lilifika hapa mwaka 1994, mwaka uo huo serikali ilipoacha kupanga bei. Soko lilipofunguliwa, wafanyabiashara walijiunga pamoja. Taasisi ya Petroli ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1999. Wasambazaji wadogo nao wana chama chao. Na bei zilipoanza kudhibitiwa tena Desemba 2010, faida ya muuzaji kwa kila lita ikawa jambo la kuombwa serikalini kwa nyaraka na takwimu. Sioni kosa katika hilo. Katiba ya 2010, kifungu cha 118, inalitaka Bunge liushirikishe umma, na mfanyabiashara naye ni sehemu ya umma.

Lakini tuitazame Septemba 2018. Mnamo tarehe 1 ya mwezi huo, mafuta yalianza kutozwa kodi ya thamani ya asilimia 16. Wasambazaji huru waligoma kuyachukua kwenye bohari, vituo vingi nchini vikakauka, nauli zikapanda. (Mimi mwenyewe niliacha gari nyumbani nikaenda darasani kwa miguu, na sikufa.) Kabla ya mwezi kwisha, kodi ilikuwa imeteremshwa hadi asilimia 8. Si wao peke yao waliolalamika, ila kilio cha mwenye lori husikika upesi kuliko cha abiria.

Sheria ya Fedha ya mwaka uo huo ilikuwa na jambo jingine. Iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki: walaghai walikuwa wakiyachanganya na dizeli, na wauzaji halali walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi. Walisema kweli, maana mchanganyiko huo huua injini. Hata hivyo, aliyechanganya alikuwa na tangi na lori. Aliyelipishwa alikuwa na kibatari na jiko la utambi. Mama wa mtaa wa Langas anunuaye mafuta ya taa kwa chupa hakuwa na chama, wala katibu wa kumwandikia waraka. Nafuu ya kodi aliipata naye, lakini zile shilingi 18 ziliimeza yote. Na hata nafuu hiyo ilifutwa na Sheria ya Fedha ya 2023, kodi iliporejeshwa kuwa asilimia 16.

Je, huyu mama si mdau? Dau lake ni chakula cha jioni.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini Miswada ya Fedha huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili ambacho hata sisi wenye shahada hukisoma mara mbili. Chama chenye wataalamu hakisumbuki. Kinausoma mswada usiku, asubuhi kimekwisha kuandika maoni yake. Mnunuzi wa chupa moja hupata habari dukani, siku bei inapopanda.

Nimekubaliana na wanafunzi wangu kwamba Mswada wa Fedha ujao tutautafsiri sehemu zake zihusuzo mafuta, tuzipeleke Langas na Huruma kabla ya siku za kutoa maoni kwisha, na watakayotuambia tuyaandike kwa Kiswahili, kama walivyoyasema, tuyapeleke Bungeni. Walimu wenye nafasi Jumamosi wanakaribishwa.