Kituo Kilipokuwa Mpangaji

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Kuanzia Tandale hadi Mbagala, televisheni za chogo zisizo na king'amuzi zikabaki na chenga tupu.

Tumezoea kusema kwamba simu ndiyo iliyoua televisheni ndogo za mjini. Naamini simu ilikuja kumalizia tu. Pigo la kwanza lilianzia kwenye mnara.

ITV, CTN na DTV, ambayo baadaye ilikuja kuwa Channel Ten, zilipoanza mwaka 1994, mtazamaji alihitaji antena na subira. Kijana alipanda juu ya bati kuzungusha bomba, wenzake wakimpigia kelele kutoka sebuleni: "Hapo hapo, usiguse!" Baada ya hapo hakudaiwa senti. Mawimbi yalipoishia, mji wa kituo nao uliishia hapo, na huo ulikuwa utajiri wake. Fundi samani wa Keko angeweza kutangaza akijua kwamba anayemwona atamfikia kwa daladala.

Dijitali ilikuja na hoja nzito: masafa yaliyobeba kituo kimoja yangebeba kumi na zaidi. Lakini Tanzania iliamua pia kumtenganisha mwenye vipindi na mwenye mtambo. Kazi ya kurusha matangazo zikapewa kampuni za Star Media, Agape na Basic Transmissions, na vituo vikawa wapangaji wao. Kwa kituo kikubwa hiyo ni gharama mojawapo. Kwa kidogo, ni kodi inayodaiwa kabla mpiga picha hajapata nauli.

Kisha Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikaagiza chaneli za bure, ITV na Channel Ten zikiwemo, ziondolewe kwenye ving'amuzi vya kulipia vya Azam, DStv na Zuku, kwa kuwa leseni za wenye ving'amuzi hivyo hazikuruhusu kuzibeba. Sheria ilikuwa wazi. Ila kaya ya Yombo yenye king'amuzi kimoja haikuwa na cha kubadilishia.

Leo nafasi ya kituo kidogo cha mjini ameishika kijana wa televisheni ya mtandaoni, mwenye simu na maiki yenye nembo. Simlaumu. Kipato chake kinafuata idadi ya watazamaji, naye hufuata msanii, ajali na ugomvi wa ndoa. Madiwani wa Temeke wakijadili mitaro, hakuna wa kuwatazama Mwanza wala Muscat, kwa hiyo kamera haiendi. Wanaosubiri majibu ya kikao hicho wako Mbagala, na masika yakianza wanapandisha magodoro juu ya meza.