Chambo Kimeisha, Lakini Nani Kakila?

Msimu uliopita mkulima mmoja wa mahindi, ekari sita, alinipigia simu kwa furaha: "Afisa, panya wamemaliza sumu yote, vibakuli vyeupe!" Wiki moja baada ya kupanda akapiga tena, safari hii sauti iko chini. Mbegu zimefukuliwa mstari kwa mstari, na ilibidi arudie karibu ekari mbili. Mbegu chotara si bei ya mchicha, mnajua wenyewe.

Nilipokwenda kukagua, nikakuta sisimizi wamejipanga kutoka kibakulini hadi shimoni kwao, na kuku wawili wa jirani wamekufa. Panya huenda walionja, huenda hawakugusa kabisa. Kibakuli kitupu hakisemi nani kala.

Watafiti wa wanyama pori wana njia ya kulijibu swali hilo: wanachanganya kwenye chambo kitu kinachoacha alama ndani ya mwili wa aliyekula. Kwa panya, kinachotumika sana ni rangi ya unga iitwayo rodamini B. Panya akiila, inaingia kwenye damu, na kila unywele unaoota wakati huo unaibeba. Sharubu ndizo zinazosomeka vizuri. Siku chache baadaye unamtega, unang'oa sharubu kadhaa (si moja, maana nyingine huwa zimeacha kukua), unaziangalia kwa hadubini yenye mwanga maalumu. Aliyekula ana mstari unaong'aa, kama noti halali inavyong'aa chini ya ile taa ya kukagulia fedha. Sharubu inapokua mstari unasogea kuelekea ncha, na aliyekula tena baada ya muda anaonyesha mstari wa pili.

Sasa hapa ndipo wengi wanateleza: alama hii inawekwa kwenye chambo kisicho na sumu. Sumu kali kama fosfidi ya zinki inaua mapema kabla sharubu haijaota, na panya wengi wanafia mashimoni usiwaone. Tena aliyeonja kidogo akaugua, hakirudii chambo hicho. Kwa hiyo unajaribu kwanza chakula kitupu chenye alama. Ukitega panya 30 na 24 wana mstari, chambo chako kinawafikia. Wakiwa 6 tu, usinunue sumu bado. Badili nafaka, sogeza vituo, au funika chambo ndani ya bomba ili kuku wasifike.

Alama inaonyesha pia panya anatoka wapi. Katika utafiti mmoja, chambo chenye rodamini B kiliwekwa ndani ya nyumba za wakulima Eswatini na hapa Tanzania, huku panya shamba wengine wakifuatiliwa kwa vifaa vya redio huko Eswatini na Namibia. Panya shamba wa Eswatini walibaki mashambani muda wote. Wa Namibia waliingia majumbani baada ya mavuno. Kumbe wewe unayeweka sumu stoo ukitegemea kuokoa mbegu shambani, huenda unapambana na panya wa dari tu.

Ulaya nao waliwahi kujiuliza swali hilohilo kuhusu mbweha. Uswisi ilianza mwaka 1978 kutupa porini chanjo ya kichaa cha mbwa ndani ya vichwa vya kuku. Katika kampeni nyingi za namna hiyo chambo kilitiwa tetrasaiklini, ndugu wa ile dawa tunayochoma ng'ombe. Inaganda kwenye meno na mifupa na kung'aa njano chini ya mwanga wa UV. Hiyo msiiige shambani, usugu wa dawa tulionao unatosha.

Na rodamini B yenyewe si rangi ya chakula. Isikae jikoni, isiguswe bila glavu, na chambo chake kisiachwe watoto wanapocheza. Panya aliyenaswa naye usimshike kwa mkono mtupu, wanabeba magonjwa. Kazi ya hadubini waachieni wataalamu wa panya walioko SUA, Morogoro. Kikundi chenye mashamba yanayopakana kikienda pamoja, inalipa zaidi kuliko mtu mmoja mmoja.

Yule kijana wa ekari sita tumeshakubaliana: mwaka huu chambo kitupu kinawekwa majuma matatu kabla ya kupanda, ndani ya mabomba, mitego ikiwa mita 10, 20 na 50 kutoka kwenye vituo. Sumu ataamua akishaona sharubu.